Kutoka Moscow Hadi Tabora Kabla ya Alasiri

Rafiki yangu Tatu amefariki, na sasa hakuna tena aliye hai wa kusimulia maziko ya kwanza ya shangazi yangu isipokuwa mimi, ambaye nilichelewa. Tulimzika mwezi uliopita hapa Tabora. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimekaa mkekani na vikongwe wenzangu, miguu tumeinyoosha kwa sababu haikunjiki tena, na mjukuu wake akawa anatuonyesha kwenye simu ndege iliyomchukua mjomba wake kutoka Toronto. Kindege cha njano kilikuwa kinatambaa juu ya ramani. "Sasa yuko juu ya Sudani," akasema yule binti, na sote tukainama kuitazama Sudani. Mmoja wetu akauliza kama mjomba naye anatuona. Nikamwomba binti anitafutie umbali wa kutoka Moscow mpaka Tabora. Akabonyeza mara mbili tatu. "Karibu kilomita elfu saba, Bibi. Ingekuwapo ndege ya moja kwa moja, ni kama saa tisa hivi angani. Lakini haipo." Nikacheka kwa sauti, msibani, mpaka wafiwa wakageuka kunitazama. Nilicheka kwa sababu mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini swali hilohilo liliwakalisha watu vikao nyumbani kwetu, likapoza chai, likawanunisha majirani wawili wiki nzima, na jibu halikupatikana.

Ulikuwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa inatafuta madaktari wake yenyewe, na mimi, kwa alama zangu za sayansi na kwa kudura za Mungu, nikachaguliwa kwenda kusoma udaktari Moscow. Habari za wazazi wangu nitaziruka. Itoshe kwamba Shangazi Mwajuma ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa Mnyamwezi wa mjini, mfupi, mnene, mpika vitumbua, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye sokoni bila kutoka uani. Habari ilipoenea mtaani kwetu Gongoni, majirani walikuja kunionya, kila mmoja na lake: baridi, nguruwe, wanaume wenye macho ya kijani. Shangazi hakuuliza hata moja katika hayo. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi mkononi, akasema, "Nijibu swali moja tu, Zuhura. Nikifa alfajiri, utafika kabla ya alasiri?"

Lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanaweka maiti kwenye friji wakisubiri watu wa Ulaya. Kwetu mtu akifa alfajiri, kabla ya alasiri yuko kaburini, na mwanamke huoshwa na wanawake wake wa karibu. Kwa hiyo nyumbani kwetu umbali haukupimwa kwa maili. Urambo palikuwa karibu, kwa sababu mtu wa Urambo aliwahi kuosha. Igunga palikuwa mbali kidogo. Wa Igunga akibahatisha lori aliwahi kuliona jeneza likitoka. Wa Dar es Salaam walikuwa watu wa kula hitima tu. Shangazi hakuzaa. Alikuwa na mimi, na tangu nina akili alikuwa akiniambia, tena akinisugua mgongo kwa dodoki kama anasugua sufuria, kwamba zamu yake ikifika mimi ndiye nitakayemwosha. Sasa alitaka kujua Moscow pako kundi gani. Asipojua, hatoi ruhusa, na bila ruhusa yake mimi nisingeondoka. Serikali ilinipa tiketi, lakini serikali haikuninywesha uji.

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni, chumba chenye viti viwili vya mgeni ambavyo hakuna aliyevikalia kwa kuviogopa. Alikuja Bwana Idi, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye siku hizo hakuna jambo lililoweza kuamuliwa bila yeye, hata kuku kuvuka ua. Alikuja jirani yetu Mzee Maganga. Baba yake Mzee Maganga alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani, na kwa sababu hiyo mzee alijihesabu ndiye mtaalamu wa safari zote za dunia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajavuka Tura, kituo cha njiani kwendea pwani. Na alikuja Tatu, rafiki yangu, na atlasi aliyoiazima shuleni alikokuwa anafundisha. Akaifungua juu ya kitambaa cha meza, akaweka kidole kimoja Tabora na kingine Moscow. Shangazi akatazama. "Shubiri moja tu!" akasema, uso umemkunjuka. "Mimi nilidhani mbali."

"Mwajuma, usidanganyike na karatasi," akasema Mzee Maganga. Akaomba aonyeshwe Tabora na pwani, akapima kwa ukucha wake, akafumba macho. "Huu ukucha ni miezi mitatu, na hapo mtu hana mzigo mkubwa. Sasa Moscow ni kucha ngapi?" Akazipima zote, polepole, akipanda juu ya Afrika kwa ukucha mchafu wa tumbaku, huku Tatu akiogopea kitabu cha shule. Alipofika akaniangalia kwa huruma. "Huyu akirudi atakuwa bibi."

Bwana Idi akamkumbusha kwamba mtoto anakwenda kwa ndege.

"Najua ni ndege. Inalala wapi?"

"Hailali, mzee."

"Kila chenye kusafiri hulala. Baba yangu alilala Tura, kila msafara ulilala Tura, hata gari moshi husimama Tura. Ndege ni nani?"

"Ndege haina miguu, Maganga," akasema Shangazi.

"Ndiyo maana itachoka zaidi. Mwenye miguu hukaa popote." Kisha akaegemea ukuta. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mwajuma. Shauri yako." Shangazi akamwambia kwamba yeye si nyoka, na chai ya kikao hicho hawakumaliza. Wiki nzima hawakusalimiana, ila kila jioni Shangazi alimpelekea vitumbua vyake kama kawaida, akiviweka kizingitini na kuondoka bila hodi.

Wakati wanabishana, mimi niliitwa Dar es Salaam na wenzangu tuliochaguliwa, tukajifunze Kirusi miezi michache kabla ya safari. Ndipo Shangazi akatoa hukumu ya mpito. Nakumbuka alikuwa ananifungia michembe na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, mzigo wa kutosha kikosi cha jeshi. "Moscow hatuwezi kupapima," akasema. "Tutapima Dar. Siku moja nitakuita, sikwambii lini. Ukiitwa asubuhi, ufike kabla sijatolewa nje. Ukiwahi kutoka Dar, nitaamini huko kwingine. Usipowahi, tiketi yao uwarudishie." Nikamuuliza nitajuaje kama ananijaribu au amekufa kweli. Akafikiri. "Hutajua," akasema. "Ukijua hutakimbia." Imamu wa msikiti wetu alipopata habari alimwita akamwambia maiti haifanyiwi majaribio na uongo ni dhambi. Shangazi akajibu kwamba hatasema uongo wowote, hatasoma dua yoyote, atapika na kuoshwa miguu tu, na hakuna aya inayokataza mtu kuoshwa miguu.

Telegramu ilinifikia hosteli tukiwa darasani, mwalimu anatufundisha kusema "dada yangu ana paka". Ilisema: ZUHURA NJOO MAZIKO. Basi. Hakuna jina la maiti. Nilijua ni mtihani. Nilijua kabisa, na miguu yangu ikakimbia bila kuniuliza. Kwenye ofisi ya ndege kijana mmoja mwenye tai aliniambia ndege ya Tabora ilikuwa imeondoka asubuhi ile ile, na safari yenyewe si kitu, ni mwendo wa kunywa chai na kusinzia kidogo. Ila ya pili yake ingeondoka keshokutwa. Nikamwambia nina maziko kabla ya alasiri. "Ya leo?" akauliza. Akatazama saa ya ukutani kwa heshima. Hapo nikaelewa jambo ambalo Mzee Maganga na Tatu wote hawakulijua, kwamba ndege ina mwendo wa kasi kwa yule aliyekwisha kuipanda tu. Jioni nikapanda gari moshi, daraja la tatu, nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na mama mmoja wa Manyoni aliyebeba masufuria mapya.

Sikulia mpaka asubuhi yake, tulipotoka Dodoma. Yule mama aliniona, akanimegea muhogo wake wa kuchemsha, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema sijui kama nimefiwa. Akaacha kutafuna. Nikamweleza yote. Akawaeleza wa kiti cha mbele, nao wakawaeleza wa nyuma yao, na kabla hatujafika Manyoni behewa zima lilikuwa limegawanyika. Upande mmoja walisema nipewe pole, kwa sababu machozi yameshatoka na hayarudishwi. Upande wa pili walisema kumpa mtu pole shangazi yake yu hai ni kumwombea mabaya. Mwanajeshi mmoja mstaafu alisema katika hali ya mashaka mtu hupewa nusu. Mwishowe mama wa masufuria alisimama, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, mimi nashuka hapa, sitajua mwisho wake," akasema. "Basi nakupa pole ya akiba. Kama kafa, uitumie. Kama hakufa, uniwekee, sote tuna wazee." Behewa lote likaona ni haki, na kila aliyeshuka tangu hapo alinipa pole ya akiba.

Tura gari lilisimama, kama Mzee Maganga alivyoahidi. Wauzaji wa asali na kuku walikuja madirishani, nikamwuliza mmoja kama amesikia msiba wowote Tabora mjini. "Tabora watu wanakufa kila siku, dada," akasema. "Unamtaka yupi?" Nikavuta kichwa ndani, na kutoka pale sikuweza kula hata michembe.

Nilifika nyumbani jua limelala upande. Kwa mbali niliona watu. Nilipokaribia niliona mikeka uani, wanawake wamejifunga khanga viunoni, sufuria kubwa ya kukodi juu ya mafiga, na Bwana Idi mlangoni amevaa kanzu. Mtu hakodi sufuria ile kwa mchezo. Niliingia nikilia, kilio cha kweli cha kutoka tumboni, nikamwita shangazi yangu kwa jina lake lote na la baba yake, na wanawake wawili, wasiojua la kufanya, wakaanza kulia pamoja nami. Shangazi Mwajuma akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umechelewa," akasema. "Tumeshanizika jana."

Nilimrukia shingoni, nikamlilia begani, nikamlaani kidogo pia, Mungu anisamehe, na yeye akawa ananipigapiga mgongo na ule mwiko, khanga yangu ikajaa pilau. Baadaye Tatu aliniketisha pembeni na sahani, akanieleza yaliyopita, na kwa miaka yote iliyofuata aliyaeleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Shangazi alikuwa amewaita watu wachache tu wa kushuhudia wakati: maji yachemke lini, jeneza litoke lini. Msikiti ulikataa kumwazima jeneza, akatoa kitanda chake cha kamba. Alitaka alale mwenyewe wambebe, Bwana Idi akakataa kwa niaba ya nyumba zote kumi, ndipo gunia la mchele likalazwa mahali pake na kufunikwa shuka. Wanaume wakalibeba hadi njia ya makaburini na kurudi, wakipokezana kwa adabu, na watu wa barabarani wakawa wanavua kofia na kushuka baiskeli. Mzee Maganga alilia. Alianza kwa kusaidia tu, akasema Tatu, halafu ikamkolea, ikabidi ashikwe. Waliporudi mchele ukapikwa, maana watu walikuwa wengi kuliko walioalikwa na maiti nyingine haikuwepo ya kuwalisha, na kesho yake wakarudi kungoja matokeo.

Na waliongezeka kwa sababu Bi Chausiku alisikia. Bi Chausiku alikuwa mke wa fundi wa reli, Mzaramo wa pwani, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani haalikwi msibani, mtani huvamia. Yeye ndiye aliyemwosha Shangazi miguu, kwa maji ya baridi makusudi, na maiti ilipolalamika akaiambia, "Mwenzio wa jana hakusema neno." Kisha akajifunga khanga ya Shangazi, akatia mto tumboni, akazunguka uani na kibao cha mbuzi akiiga sauti yake ile ile: "Zuhuraaa! Umefika Tura? Ndege imelala? Nikifa usinywe chai, njoo! Nikipiga chafya, njoo! Madaktari wa Kirusi niwaachie nani, waje wote waniogeshe!" Watu walianguka chini kwa kucheka. Tatu alisema Shangazi naye alicheka, mwanzo. Baadaye akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni akimtazama yule mwanamke mwenye mto, mpaka watu wa kwanza walipoanza kuaga.

Nilipokuwa nakula nilijua nimeshindwa. Kama Dar tu nilifika siku ya pili, Moscow ningefika arobaini. Nataka niseme jambo hapa kabla sijaendelea, kwa sababu sipendi msomaji alingoje. Shangazi Mwajuma alikufa mwaka wangu wa tatu kule, alfajiri, baada ya kuswali. Telegramu ilinifikia theluji imefika madirishani, na yeye alikuwa kaburini siku nyingi. Sikuja. Niliumia, na bado naumia, hasa wakati wa mvua za kwanza, sijui kwa nini wakati huo. Lakini sikuwahi kujilaumu, hata siku moja, na sababu yake ni jioni ile.

Bwana Idi aligonga glasi kwa kijiko akataka kutangaza matokeo. Akasema kwa masikitiko kwamba mtahiniwa alichelewa siku moja na saa kadhaa. Mzee Maganga, macho bado mekundu, akasema hataki kusema kwamba alishasema. Bi Chausiku akasema asiyekuwepo na lake halipo, akajipakulia fungu langu la nyama. Shangazi akawaambia wote wanyamaze. Alikaa mkekani mbele yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana kukaa chini kulimpa shida ya kuinuka.

"Mimi jana nimekuwa maiti kutwa," akasema. "Nimewaona wote. Chausiku kaniosha, na mwanga huyu hana hata tone la damu yangu. Idi kanibeba. Maganga kalia, mwoneni, na wiki nzima alikuwa haniamkii. Miaka yote nilidhani bila huyu mtoto sitazikika. Kumbe nazikika vizuri tu." Mzee Maganga akajifuta pua. Shangazi akanigeukia. "Kilichonisumbua ni kimoja. Nimelala pale, kila gari moshi likipiga honi nasema huyo, analia huko ndani peke yake, hajala. Nikajiuliza, mimi nimemlea mtu nimpe hilo? Nenda ukasome. Siku watakayokwambia nimekufa, usije. Kula ushibe, ulale, kesho yake uende darasani."

"Na kukuosha, Shangazi?" nikasema.

Shangazi akavuta khanga yake hadi magotini, akanyoosha miguu yake mifupi juu ya mkeka, mbele ya balozi, mbele ya watani, mbele ya nyumba zote kumi.

"Si umeshafika?" akasema. "Nioshe sasa."

Nikaenda jikoni nikachemsha maji. Nikamwosha miguu, kidole kwa kidole, na mikono hadi viwikoni, na uso, na nyuma ya masikio. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa anasema, muda wote, akinielekeza kila mahali nilipopasahau.